Ukubwa na Kazi ya Mikono

Wahenga wa pwani waliposema kwamba mkubwa ni jalala, hawakukusudia kumdunisha mkubwa. Walikusudia kwamba anayeongoza hutupiwa yale ambayo wengine wameyakataa: lawama, uchovu, na kazi iliyokosa mwenyewe. Katika jahazi dogo nahodha hushika usukani, na upepo unapogeuka ghafla hushika pia kamba ya tanga, wala hapana baharia atakayedai kwamba kwa kushika kamba amevuliwa unahodha. Lakini je, lau nahodha huyo angetakiwa kuuthibitisha unahodha wake mbele ya hakimu asiyepata kusafiri naye, angeitaja ile kamba, au angeificha?

Swali la namna hiyo huulizwa nchini Marekani, si juu ya vyombo vya bahari bali katika majalada ya uhamiaji. Sheria ya Uhamiaji ya mwaka 1990 ilitenga, katika daraja la kwanza la viza za uhamiaji zitokanazo na ajira, fungu la wakurugenzi na mameneja wa kampuni zenye shughuli katika nchi zaidi ya moja. Mtu wa fungu hili sharti awe ameitumikia kampuni hiyo, au kampuni iliyo ndugu yake kwa umiliki, nje ya Marekani kwa muda usiopungua mwaka 1 katika kipindi cha miaka 3; awe alikuwa kiongozi huko; na awe anakwenda kuwa kiongozi katika kampuni ambayo imekwisha kufanya biashara Marekani kwa mwaka 1 au zaidi.

Neno linaloibeba sheria hiyo ni dogo, nalo ni "hasa". Meneja ni yule ambaye kazi yake hasa ni kuongoza shirika au idara. Kusimamia wasimamizi wengine au wanataaluma, au kuendesha shughuli iliyo muhimu kwa shirika. Kuwa na kauli katika kuajiri na kufukuza. Na kuamua mambo ya kila siku kwa busara yake. Mkurugenzi ni yule anayeelekeza uongozi wenyewe, akaweka shabaha na sera, naye hapokei maelekezo ila ya jumla kutoka kwa bodi, wenye hisa au wakuu wa juu. Uamuzi wa mamlaka za uhamiaji wa mwaka 1988 uliweka kanuni ambayo imerejewa mara nyingi tangu hapo: ambaye kazi yake hasa ni kuzalisha bidhaa au kutoa huduma yeye mwenyewe, huyo hahesabiwi kuwa kiongozi kwa maana ya sheria.

Na uchukuliwe mfano wa kubuni. Kampuni ya vitambaa ya India inampeleka mtu wake New Jersey kusimamisha tawi lenye wafanyakazi watano. Ndiye aliyepanga ghala, aliyeajiri watu na anayejadiliana na wanunuzi wakubwa. Mizigo inapochelewa huzihesabu robota mwenyewe. Karani anapougua huketi mezani akaandika ankara. Kampuni inapomwombea viza, barua yake husema kwamba bwana huyu "anaelekeza na kuratibu sera za shirika". Robota hazitajwi, wala ankara. Ofisa anayelisoma jalada huuliza maswali mepesi: Ni saa ngapi kwa juma hutumika katika kila kazi? Nani hufunga mizigo? Nani hujibu simu? Barua iliyojaa sifa haina majibu, na ombi hukataliwa.

Mpenzi wa mashairi ataitambua kasoro ya barua ile. Ni ya utungo wa sifa ambao, ukiondolewa jina la msifiwa, humfaa mtu yeyote. Mahakama ya shirikisho mjini New York iliamua mwaka 1989 kwamba majukumu halisi ndiyo yanayoonyesha hakika ya kazi ya mtu, na kwamba kuyarudia maneno ya sheria si ushahidi. Katika jambo hili sheria iko upande wa kweli. Fungu hili halidai ile hatua ya kuthibitisha kwanza kwamba hapana mfanyakazi wa Marekani aliye tayari kwa nafasi hiyo, hatua iliyowekwa kuwalinda wafanyakazi wa huko. Kama kila anayejiita mkurugenzi angeingia kwa jina tu, ulinzi huo ungekuwa mlango usio na komeo, na watakaodhulumiwa ni wale wanaosubiri foleni wakiwa wameeleza hali zao kama zilivyo.

Hata hivyo, liko jambo linaloudhi dhamiri. Mtu huyu anatakiwa kuuthibitisha ukubwa wake kwa kuonyesha yale asiyoyatenda. Kila robota aliyoibeba kwa sababu hapakuwa na wa kuibeba inahesabiwa dhidi yake. Hapo ndipo kishawishi kinapoingia, wala si kishawishi cha uongo mkubwa. Ni cha kunyamaza kidogo, kuifuta mikono yake katika habari ya maisha yake. Na akishazoea kuificha kazi hiyo mbele ya ofisa, yumkini ataanza kuionea haya hata mbele ya wale watano waliobeba pamoja naye.

Ni haki kukiri kwamba sheria yenyewe haikuamuru haya hiyo. Neno "hasa" halisemi "tu". Imeelekezwa pia kwamba idadi ya wafanyakazi inapozingatiwa, yatazamwe mahitaji ya shirika kulingana na hatua yake ya kukua. Rufani nayo ina upana wake. Kampuni ina siku 30 za kuikata, na 3 zaidi iwapo uamuzi ulitumwa kwa posta. Ofisi iliyokataa huliangalia jalada tena, na isipobadili msimamo hulipeleka katika Ofisi ya Rufaa za Utawala, ambayo huyapima mambo yote upya. Kipimo chake, kama kilivyofafanuliwa katika uamuzi wa mwaka 2010, si yakini isiyo na chembe ya shaka. Yatosha dai lionekane kuelekea ukweli zaidi kuliko kutokuwa kweli. Kwa kipimo hicho, mwenye kusema "nabeba mizigo saa chache kwa juma, na saa nyingi naongoza", akaleta karatasi za mishahara na mikataba aliyoidhinisha, ana hoja iliyosimama. Aliyezificha saa zile chache hujiponza, kwani karatasi moja ikimkanusha, hata maneno yake ya kweli hutiliwa shaka.

Lakini nani anayesema? Mwombaji ni kampuni, na kwa kanuni mwenye haki ya kukata rufani ni kampuni. Yule ambaye saa zake zinahesabiwa huitwa mnufaika, na kwa kawaida hana nafasi ya kukata rufani kwa jina lake. Uamuzi wa mwaka 2017 ulimfungulia mlango mwembamba, pale viza iliyokwisha kuidhinishwa inapotaka kufutwa naye amekwisha kuhamia kazi nyingine kwa mujibu wa sheria. Nje ya mlango huo, kampuni ikiona gharama ni kubwa ikanyamaza, naye amenyamazishwa, ilhali mkewe na watoto wake walio chini ya miaka 21 walilitegemea ombi hilohilo. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, bali maiti hapewi kalamu.

Kwa hiyo deni la kusema kweli humwangukia kwanza yule aliyepewa kalamu. Mwajiri anayeandika barua ya sifa tupu humdhulumu mtu wake mara mbili: humnyima ushahidi ambao ungemwokoa, na humvua kazi aliyoifanya kweli. Serikali ina haki ya kuuliza nani kiongozi na nani si kiongozi, kwa kuwa viza ni zake na mafungu ni yake. Haina mizani ya thamani ya mtu, wala haikudai kuwa nayo. Ni watu wenyewe wanaoichukua hukumu ya fungu wakaifanya hukumu ya utu. Nahodha aliyeulizwa juu ya kamba na aitaje, na aitaje pia safari aliyoiongoza. Akikataliwa baada ya hapo, atakuwa amekosa viza. Akiificha, hata akikubaliwa, mabaharia wake wanajua ni nani aliyeishika ile kamba usiku ule wa upepo.