Kidole, Shanga na Kumbukumbu

Kwa Waluba wa Kabongo, huko Kongo, historia ya ufalme ilishikwa mkononi. Wanachama wa Mbudye, chama cha watunza kumbukumbu, walikuwa na lukasa, kibao cha kuenea kiganjani, chembamba kiunoni, kilichopambwa shanga. Msomaji alikishika kwa mkono wa kushoto, kidole cha kulia kikitembea juu ya shanga huku akisimulia habari za mfalme Nkongolo, za mwindaji Mbidi Kiluwe na mwanawe Kalala Ilunga. Ushanga mkubwa uliozungukwa na midogo uliweza kuwa mfalme na watu wake. Mstari wa shanga ukawa safari. Kidole kinagusa, ubongo unaamka. Ni nani aliyeviunganisha viwili hivi kama si Muumba?

Na muungano huo una kina kuliko tunavyoona. Kuna ugonjwa wa Duchenne, unaodhoofisha misuli, hasa ya wavulana. Mtoto akitaka kuinuka kutoka sakafuni, huweka mikono kwenye magoti, kisha mapajani, akajisukuma hadi asimame. Chanzo ni hitilafu katika jeni moja iliyo kwenye kromosomu X, yenye herufi zaidi ya milioni 2. Seli huhitaji saa zipatazo 16 kuinakili mara moja tu! Jeni hiyo hutengeneza distrofini, protini inayolinda nyuzi za misuli zisichanike. Lakini jeni hiyohiyo hutumika pia ndani ya ubongo. Subhanallah! Mguu na kumbukumbu vimeandikwa ukurasa mmoja.

Ndiyo maana baadhi ya watoto hawa hupata shida kusoma, kuhesabu na kushika maneno yanayofuatana. Mwambie, “Funga mlango, chukua kikombe, uniletee maji.” Atafunga mlango, kisha atasimama pale. Wazazi wangapi wameita hilo kiburi, wakachapa!

Ili kuzoeza kumbukumbu ya aina hiyo, wataalamu wamebuni mazoezi ya kompyuta, mojawapo likiitwa Cogmed, lililotokana na kazi ya Torkel Klingberg wa Stockholm. Vidude huwaka kwenye skrini kimoja baada ya kingine, naye mtoto huvigusa kwa mpangilio uleule. Akipatia, mfuatano unarefushwa, akikosea, unafupishwa. Uholanzi wameyajaribu kwa wavulana wenye Duchenne. Binafsi nayasifu kwa kiasi: mtoto huwa hodari katika mchezo wenyewe, lakini kama uhodari huo unafika hadi kwenye hesabu za darasani, wataalamu bado wanabishana.

Kuna rehema mbili zisizopaswa kupita kimyakimya. Vidole hubaki na nguvu muda mrefu baada ya miguu kushindwa, kwa hiyo hata aliye kwenye kiti cha magurudumu anaweza kugusa skrini. Na wakati misuli inapungua mwaka hadi mwaka, udhaifu wa akili kwa kawaida hauzidi. Basi hata mama asiye na kompyuta wala umeme anaweza kusaidia: amwambie mwanawe afunge mlango, angoje ufungwe, ndipo ataje kikombe.