JE, NANI ANAKULINDA USIKU?

Labda umepewa karatasi hii stendi ya Makambako, pale barabara ya Songea inapoachana na ile ya Dar es Salaam na Mbeya, au umepewa sokoni Njombe. Usiitupe. Isome mpaka mwisho.

Tangu enzi za gazeti la Sani, Watanzania tunapenda katuni. Sasa ipo moja ya kutisha ya Marekani, inaitwa Hellboy. Mike Mignola alimleta shujaa huyo mwaka 1993, na mwaka 2004 ikatoka filamu yake. Shujaa huyo ni mtoto wa kuzimu! Hadithi inasema aliitwa duniani kwa uchawi mwaka 1944, wakati wa vita ya Hitler. Profesa mmoja akamlea, akakua, akawa mlinzi wa walio hai. Anapigana na mizimu na mapepo ili watu walale. Apate kufanana na binadamu, anazisaga pembe zake. Lakini zinaota tena! Na ule mkono wake wa jiwe anaopigia mapepo, ndio huohuo ufunguo wa kuiangamiza dunia.

Utasema, mtumishi, hiyo ni katuni tu. Sawa, ni katuni. Lakini nikuulize: ni wangapi huku kwetu wanaiishi? Mtu anaogopa msukule, anakimbilia kwa mganga. Anachanjwa chale, anafunga hirizi kiunoni, nyumba inazindikwa. Anasema, "Mimi nina kinga!" Ndugu yangu, umemwita pepo akulinde na pepo! Leo pembe zimesagwa, zinapendeza. Kesho zinaota. Kwanza anadai kuku, halafu mbuzi. Je, siku akidai mtu utamjibu nini?

Sitanii. Mwanzoni mwa mwaka 2019 watoto wadogo waliuawa hapa Njombe. Viongozi wa serikali walisema imani za kishirikina zimehusika, na waganga walikamatwa. Wazazi wakawa wanawasindikiza watoto shuleni kwa hofu. Wale watoto hawakuuawa na mzimu wa kwenye katuni. Waliuawa na mikono ya watu. Huo ndio mkono wa jiwe!

Bwana Yesu aliwaonyesha Mafarisayo kwamba Shetani hawezi kujipiga mwenyewe na ufalme wake ukabaki umesimama. Soma Mathayo 12. Soma na Waebrania 2, uone jinsi hofu ya kifo inavyomfanya mtu mtumwa maisha yake yote. Mganga anauza dawa ya hofu, na hofu yenyewe anakuongezea ili urudi tena!

Sasa pima mwenyewe. Mlinzi wa uongo anataka damu ya mtoto wa jirani. Mlinzi wa kweli, Yesu Kristo, alitoa damu YAKE MWENYEWE pale msalabani. Hasinzii, halali, wala hakudai kuku. Soma Zaburi 121.

Mpendwa, fanya mambo matatu LEO. Kwanza, vua hirizi hiyo, ichome moto. Pili, ukimsikia mtu anatafuta utajiri kwa damu au viungo vya mtu, usinyamaze. Mwambie mwenyekiti wa kijiji, nenda polisi. Kunyamaza ni kushiriki! Tatu, usimnyooshee kidole bibi kizee wa jirani kwa sababu ana macho mekundu. Moshi wa kuni nao unawekundisha macho. Ramli imeua wengi wasio na hatia.

Halafu piga magoti, hata kama ni pembeni ya shamba la chai au la viazi, useme: "Bwana Yesu, nimetafuta ulinzi kwa adui yako. Nisamehe. Ingia moyoni mwangu, linda nyumba yangu na watoto wangu. Sitarudi tena kwa mganga. Amina."

Kama umeomba kwa kumaanisha, UMEOKOKA! Tafuta kanisa la watu waliookoka lililo karibu nawe. Na leo usiku, zima taa, ulale.