Msikilizeni Anayesema Moyo Unamwenda Mbio

Yesu alikuwa njiani kwenda kwa Yairo, ambako binti yake Yairo alikuwa mahututi, alipoguswa na yule mama aliyetokwa damu miaka 12. Umati unasukumana, baba wa mtoto anangoja, naye Yesu akasimama mpaka mama akaeleza yote. Sisi tuna haraka gani kuipita ile ya Yairo?

Maana wamo kati yetu waliougua UVIKO-19, homa ikaisha, kikohozi kikaisha, lakini hawajarudi walivyokuwa. Dada anainuka kuanika nguo mbili tatu, moyo unamwenda mbio kama aliyepanda kilima, kizunguzungu kinamkamata, anakaa chini. Nasi tunamwambiaje? Mvivu. Ana mawazo. Karogwa. Acheni, ndugu! Acheni leo!

Februari 2022 watafiti wa St. Louis, Marekani, walitoa matokeo ya kufuatilia wanajeshi wastaafu 153,760 waliopata UVIKO. Ndani ya mwaka mmoja, hatari ya moyo kushindwa kazi ilikuwa juu kwa asilimia 72 kuliko kwa wasiougua. Ya kiharusi, asilimia 52. Wengi walikuwa wanaume wa makamo na wazee, ni kweli, lakini hata waliougulia nyumbani bila kulazwa hawakusalimika. Virusi hivi vinaweza kudhuru kuta za mishipa, kugandisha damu, na kuvuruga neva zinazoongoza mapigo. Huo ni uvivu?

Basi fanyeni hivi. Mgonjwa alale kimya dakika 10, mhesabie mapigo kwenye kifundo cha mkono kwa dakika nzima. Asimame, ukiwa karibu asianguke, uhesabu tena na tena mpaka dakika 10. Kwa mtu mzima, mapigo yakipanda 30 au zaidi yasishuke, andika. Nendeni na karatasi hiyo kituo cha afya. Mwelezeni daktari aliugua lini, apimwe presha akiwa amelala na akiwa amesimama, damu, na umeme wa moyo. Mwingine atakutwa na upungufu wa damu tu, nao una tiba. Kuomba tutaomba, tena kwa machozi, lakini tuombe tukiwa naye kwenye foleni ya kliniki.

Na akibanwa na kifua, akizimia, au mdomo ukipinda na mkono ukilegea, msingoje ibada iishe. Inukeni katikati ya mahubiri, tafuteni gari, mpelekeni hospitali.