Meza ya Rumonge na Thamani ya Mtu Huru

Ndugu zangu, likizo ikikaribia mjadala ni ule ule. Kikundi kinapanga kushuka na barabara ya ziwa kutoka Bujumbura hadi Rumonge, kula mukeke na kujifunza historia kidogo, halafu mmoja anauliza: na pombe je? Maana hoteli za ufukweni huuza bia, na vijijini urwarwa, pombe ya ndizi, ndiyo heshima ya mgeni.

Swali ni zuri, na jibu lake ni fupi. Ipo hadithi kwa Tirmidhi inayomkataza muumini kukaa kwenye meza inayopitishwa pombe. Basi tukae meza yetu, au tununue samaki mwaloni tuchome wenyewe. Rumonge ina Waislamu wengi. Hatutakosa mama wa kutuwekea ugali wa muhogo, lengalenga za mawese ya palepale, na mukeke (Kigoma humwita mgebuka) wa pilipili. Anayebaki nyumbani kwa kuogopa chupa ya jirani amejinyima bure, kwani Qur'ani imetuhimiza mara kadhaa tutembee katika ardhi tutazame mwisho wa waliotangulia.

Kutazama ndiko kunakonisumbua. Njiani, pale Mugere, lipo jiwe lenye majina ya Livingstone na Stanley na tarehe 25 Novemba 1871. Watu hupiga picha wakidhani ndipo walipokutana mara ya kwanza, ilhali walikutana Ujiji. Jiwe halisemi alichokiona Livingstone miezi minne nyuma, tarehe 15 Julai, sokoni Nyangwe: watu wa misafara ya pembe na watumwa waliwamiminia risasi wachuuzi, wengi wao wanawake, na wengine wakazama mtoni Lualaba. Baadaye Rumaliza wa Ujiji, yaani Muhammad bin Khalfan al-Barwani, alijaribu kuingia Burundi, Mwami Mwezi Gisabo akamzuia.

Hawa wakuu wa misafara walikuwa ndugu zetu wa dini. Kiswahili hiki ninachoandika kilifika ziwani kwa njia zao. Na yamkini wengi wao hawakuonja pombe maishani.

Lakini kwa Bukhari imo hadithi nyingine: watu watatu ambao Mwenyezi Mungu mwenyewe atakuwa mgomvi wao Siku ya Kiyama, na mmoja ni aliyemuuza mtu huru akala thamani yake. Akala! Mbona kwenye mipango ya safari hatuulizi kuhusu mlo huo?

Nimejibiwa kwamba habari hizi zilikuzwa na Wazungu. Upo ukweli: Wajerumani, waliojinadi kukomesha utumwa, walimpiga Mwezi Gisabo yule yule mpaka mkataba wa Kiganda wa 1903. Dhambi ya Mjerumani haimtakasi mfanyabiashara wetu. Nimeambiwa pia kuwa sheria iliruhusu. Iliruhusu nini? Mafakihi walizungumzia mateka wa vita halali. Kuvamia kijiji kilicholala ili kujaza msafara ni wizi wa watu.

Napendekeza tupite Mugere asubuhi, na kabla ya picha mmoja wetu asimulie ya Nyangwe, kisha tuwaombee waliouawa na waliouzwa. Mwenzangu ameshalalamika kwamba itawakata watu hamu ya samaki. Basi mukeke wasubiri hadi baada ya Alasiri.