Asiye na Mlango Naye Atembelewe

Somo: Luka 10:25–37



Adhabu ya kaburi aijua maiti. Sisi tulioikimbia Kenya baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 tunajua kukosa makao. Tulivuka mpaka pale Busia na Malaba, tukapokelewa Mulanda, wilaya ya Tororo, kabla ya kuletwa hapa Kiryandongo mwaka 2008.

Wengi wenu bado hupita Busia mkienda kuwasalimu jamaa. Mmewaona wanaolala kwenye vibaraza vya maduka: watoto wa mitaani, wabebaji mizigo, wagonjwa wa akili walioachwa na watu wao. Serikali zimefanya jambo jema. Uganda iliondoa malipo katika vituo vyake vya afya mwaka 2001, ikaanzisha na timu za afya za vijiji, hawa tunaowaita VHT. Kenya nayo mwaka 2023 ilituma wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000. Wote huenda nyumba kwa nyumba. Lakini asiye na nyumba atabishiwa mlango gani?

Tuchukue mfano wa kifua kikuu. Dawa zake kwa kawaida humezwa miezi sita bila kukosa. Mwenye nyumba ana mtu wa kumkumbusha. Anayelala barazani hufukuzwa usiku, au huibiwa mfuko wake na dawa zikiwemo. Akiacha katikati, ugonjwa huweza kurudi ukiwa sugu, akawaambukiza na wengine.

Yule Msamaria hakuishia kufunga majeraha. Alimfikisha mgonjwa kwenye nyumba ya wageni, akalipa, kisha akaahidi kurudi. Hapo pa kurudi ndipo tunapopungukiwa. Tunagawa chai na mkate siku ya Krismasi, halafu mwezi wa pili hatujui kama aliyekunywa bado yu hai.

Ndugu, kanisa lina mlango. Tuwaombe wenzetu wa Busia na Tororo, na sisi tufanye vivyo hivyo hapa: kila kanisa litoe watu wawili ambao kituo cha afya kitawaandika kuwa wasimamizi wa mgonjwa asiye na makao. Wamtunzie dawa, wamwone akimeza, wamsindikize siku ya kliniki. Asipoonekana, wamtafute.

Haihitaji fedha nyingi. Inahitaji mtu atakayerudi kesho.

Bwana atupe miguu ya kurudi. Amina.