Vigingi Viwili vya Nguzo Moja

Kijana wa kisa hiki hahitaji jina. Kila ofisi ya upimaji ina wa kwake. Tumweke Mbeya, kwenye barabara mpya ya kilomita tano inayoishia mtoni. Alianzia kwenye jiwe la upimaji lenye koordineti za UTM, kanda ya 36 Kusini, akasonga na totali stesheni, mashine ya kupimia pembe na umbali, kituo kwa kituo mpaka ukingoni. Vipimo vyake vilikuwa safi. Akaviingiza kwenye programu ya usanifu, mhandisi akachora barabara juu yake, na nguzo ya daraja ikaangukia mita 5,000 kamili kutoka kwenye lile jiwe.

Siku ya kupigilia vigingi zilikuja timu mbili. Moja ilifuata nguzo kwa totali stesheni, nyingine ikaingiza koordineti zilezile kwenye kipokezi cha GPS. Vigingi viwili vya nguzo moja vikasimama mbalimbali, mita 3.18 kati yao, vyote kwenye mstari uleule wa barabara, kimoja kimetangulia mbele ya mwenzake.

“Injinia, zege linakwenda wapi?” akauliza msimamizi.

Hakuna aliyekuwa amekosea kupima, na hapo ndipo ugumu ulipo. Gridi ya UTM hulaza dunia ya mviringo kwenye karatasi bapa, na ili upotofu usizidi kwenye kingo za kanda, umbali kwenye meridiani ya kati hupunguzwa makusudi kwa kizidishi cha 0.9996. Mbeya iko jirani na meridiani hiyo, nyuzi 33 mashariki, kwa hiyo punguzo hilo hulipata karibu lote. Halafu kuna mwinuko. Mji uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, wakati gridi huhesabiwa kwenye uso ulio chini, karibu na usawa wa bahari, ambako umbali kati ya mistari inayoelekea kwenye kiini cha dunia ni mfupi zaidi. Hilo ni punguzo la pili. Zidisha yote mawili, unapata takriban 0.99936: kilomita moja ya ardhini ni mita 999.36 tu kwenye gridi.

Kijana alikuwa ameanza na koordineti za gridi, kisha akajumlisha umbali wa ardhini bila kuupunguza. Namba zilizotoka zilikuwa na sura ya UTM, tarakimu zote zimo, lakini UTM haikuwa imebaki humo ila kwenye jiwe la kwanza. Kipokezi cha GPS, kilipotumwa mita 5,000 za gridi, kilikwenda mita 5,003.18 za ardhini. Kilitii kilichoambiwa.

Programu inayotumika sana kwa kazi hizi, Civil 3D, ina nafasi ya kutunza jozi mbili za koordineti kwa kila nukta, za mahali (yaani za umbali wa ardhini) na za gridi. Wengi hudhani ukishauchagulia mchoro kanda yake, mambo yamekwisha. Hayajaisha. Kuna ukurasa mwingine wa mipangilio ya ugeuzaji wenye kiboksi cha kuiwasha, na kisipowekwa tiki, jozi mbili zinabaki zikifanana hadi tarakimu ya mwisho. Anayeziangalia huridhika kwamba zinakubaliana.

Turudi mtoni. Kijana alipiga simu ofisini, akaeleza, na mtu wa huko hakukawia: akakikokotoa kizidishi, akakipata sawasawa, akabadilisha faili lote, akalituma. Kigingi cha GPS kikang'olewa na kupigiliwa upya. Mzee aliyekuwa ameshika prizima alisimama akaviangalia vigingi viwili kwa muda.

“Mwanangu, mbona asubuhi vilikuwa karibu zaidi?”

Wakanyoosha futi kamba. Mita 6.37, yaani kosa lilelile mara mbili. Mtu wa ofisini aligawanya kwa 0.99936 mahali alipopaswa kuzidisha.

Wenye shahada zao na bajeti kubwa wamewahi kupita njia hiyohiyo. Laufenburg ni mji ulio pande mbili za mto Rhine, nusu Ujerumani na nusu Uswisi. Mwaka 2003, daraja jipya likiendelea kujengwa, iligundulika kwamba pande zake mbili hazingekutana kwa urefu. Ujerumani ilipima urefu kwa kuanzia bahari ya Amsterdam, Uswisi kwa kuanzia ile ya Marseille, na tofauti ya sentimita 27 kati ya nchi hizo ilijulikana tangu mwanzo. Iliwekwa hata kwenye mahesabu, ila ishara ya kujumlisha na ya kutoa zikabadilishana nafasi. Tofauti ikawa sentimita 54. Kwa maoni yangu, aliyesahau kabisa angeleta hasara ndogo kuliko huyu aliyekumbuka nusu.

Wala usijitafutie kanuni nyepesi kwamba gridi siku zote ni fupi kuliko ardhi. Dodoma iko kanda ileile ya 36, lakini ukingoni kabisa, mbali na meridiani ya kati. Huko skeli ya gridi imeshavuka moja, na hata ukitoa athari ya mwinuko unabaki na takriban 1.00055. Mpima aliyezoea Mbeya akihamia Dodoma na mazoea yake, atasahihisha kinyume. Programu nazo haziafikiani: moja huomba 0.99936, nyingine huomba kinyume chake, 1.00064, na zote mbili zina haki.

Makosa makubwa yana huruma. Ukichanganya Arc 1960, mfumo wa ramani zetu za zamani, na WGS 84, unahama kama mita 300 na kila mtu anapiga kelele. Ukikuza mchoro wa Mbeya kwa kizidishi kuanzia sifuri ya gridi, nukta zako zitaruka karibu kilomita sita kaskazini. Ndiyo maana wazoefu hukuza kuanzia nukta iliyo ndani ya mradi wenyewe, kisha wanakata tarakimu za mbele kabisa ili koordineti za mahali zisije zikadhaniwa kuwa za UTM.

Kosa la sentimita 64 kwa kilomita, kama lile la Mbeya, halina kelele. Kwenye mita 50 za futi kamba ni sentimita tatu na kidogo, na mpima ataisingizia kamba. Kwa hiyo chukua mawe mawili yaliyo kilomita moja au zaidi kati yao, pima umbali wa mlalo bila kizidishi chochote kwenye mashine, kisha uliza faili umbali kati ya mawe hayohayo, na ugawanye wa faili kwa wa ardhini. Kwa Mbeya, ukipata 1.0000, faili ni la mahali. Ukipata 0.9994, ni la gridi. Ukipata 1.0006, mtu amegeuza kinyume. Na ikija 0.9987, kuna aliyepunguza kwenye mashine porini na mwingine aliyepunguza tena ofisini, na huenda kila mmoja anayo karatasi ya kuthibitisha kwamba alifanya kazi yake.