Saburi ya Kisigino

Anayeumwa kisigino kwa miezi hufarijiwa kwa neno moja, atoke kanisani au msikitini: vumilia. Engutoto, Arusha, asubuhi za Juni na Julai, baridi ya Mlima Meru ikiwa imelala kwenye sakafu ya saruji, hatua ya kwanza kutoka kitandani huchoma kama msumari. Ya ishirini ina nafuu. Jioni, baada ya kusimama kutwa, moto unarudi. Ugonjwa huu hauui, na mara nyingi hauonekani kwa macho, ndiyo maana unalipima vizuri neno hilo tunalopeana bure. Nasema kuvumilia si saburi, na tukivichanganya tunamsingizia Mungu uzembe wetu.

Chini ya wayo kuna utando mgumu, mfano wa mkanda, unaotoka mfupa wa kisigino hadi kwenye vidole. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba kisigino kikiuma hivi, utando huo umevimba tu. Mwaka 2003 mtafiti Lemont na wenzake walichapisha uchunguzi wa vipande vya utando huo vilivyotolewa kwa upasuaji. Walichokuta ni nyuzi zilizochakaa, si uvimbe. Nyuzi za namna hiyo hazifaidiki kwa kulala tu, wala kwa kukanyaga kana kwamba hakuna kilichotokea. Zinataka mzigo wenye kipimo. Denmark, mwaka 2014, Rathleff na wenzake walijaribu hivi: taulo iliyoviringishwa chini ya vidole, mguu kwenye ngazi, kisigino kinapanda kwa sekunde tatu, kinatulia mbili, kinashuka kwa tatu, siku moja ndiyo, siku moja hapana. Baada ya miezi mitatu waliofanya hivyo walikuwa na nafuu kuliko waliojinyoosha. Sasa tazama: neno la Kigiriki ambalo Agano Jipya letu limelitafsiri saburi maana yake ya asili ni kubaki chini ya kitu, kama chini ya mzigo. Wanazuoni wa Kiislamu nao, walipoigawa subira mafungu matatu, waliweka humo subira katika kutii, yaani katika kutenda. Hata methali yasema subira huvuta heri, na kuvuta ni kazi.

Mtu atasema: utafiti huohuo ulikuta kwamba baada ya mwaka makundi yote mawili yalilingana, basi muda ndio mganga. Kweli yalilingana. Lakini anayeishi kwa miguu yake haishi kwa wastani wa mwaka. Anaishi kesho asubuhi. Mwingine atasema maumivu ni mtihani, na kuyatafutia dawa ni kuukimbia. Lakini mtume Paulo, aliyekuwa na mwiba mwilini, aliomba mara tatu uondolewe kabla ya kuupokea. (Na kisigino chenye ganzi, homa, au kilichoanza kuuma baada ya kuanguka kinataka daktari, si mahubiri wala taulo.)

Pingamizi linalonisumbua ni la tatu. Muuza ndizi wa soko la Kilombero hachagui kipimo cha mzigo wake, wala mlinzi anayekesha getini Njiro kwa viatu vilivyokwisha soli. Kumwambia afanye mazoezi ya ngazi ni kumwongezea kazi. Nakubali. Kwa mlinzi huyo saburi inamhitaji pia mtu mwingine: mwenye nyumba aliyeamua kwamba mlinzi akipewa kiti atalala.